Sura ya Tisa: Diski Inahama, Kompyuta Inabaki Kazini

Swali hili huulizwa karibu kila mahali penye seva moja inayobeba kazi za ofisi nzima: "Tumenunua diski mpya ya kasi na fundi ameshaifunga ndani ya seva. Lakini kompyuta pepe zetu zote bado ziko kwenye diski ya zamani. Je, itabidi tuweke Windows upya, programu ya uhasibu upya, na kila kitu upya?"

Hapana. Hutaweka chochote upya. Kompyuta pepe huhamishwa nzima nzima, pamoja na mfumo endeshi wake, programu zake na mafaili yake, na kwa mifumo mingi ya leo huna hata haja ya kuizima. Karani ataendelea kutoa risiti huku data zikihama chini yake, na hatajua kuna kilichotokea. Hata hivyo, kazi hii ina hatua moja ambayo ukiikosea, data za miaka zinapotea kwa sekunde. Tutaifikia.

## Kompyuta iliyomo ndani ya mafaili

Kompyuta pepe ni kompyuta isiyo na kasha wala bodi yake mwenyewe. Ni programu inayoigiza kompyuta kamili juu ya kompyuta halisi, na hiyo kompyuta halisi tunaiita mwenyeji. Msimamizi wa uigizaji huo huitwa hipavaiza: ndiye anayegawa prosesa, ramu na diski za mwenyeji kwa kila kompyuta pepe iliyomo.

Wazo lenyewe ni la zamani. IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, ili watu wengi watumie mashine moja kubwa huku kila mmoja akiona kama ana mashine yake peke yake. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ikalileta wazo hilo kwenye kompyuta za kawaida za mezani. Leo tuna ESXi ya VMware, Hyper-V ya Microsoft, VirtualBox ya Oracle, na KVM, ambayo iliingizwa ndani ya kiini cha Linux mwaka 2007. KVM ndiyo injini ya Proxmox VE, mfumo huria unaotengenezwa Vienna, Austria, ambao ofisi ndogo inaweza kuutumia bila kulipia leseni. Mifano mingi ya sura hii nimeichukua humo.

Kompyuta pepe nayo ina diski, lakini diski yake ni faili tu kwenye diski ya mwenyeji. VMware hulipa faili hilo mwisho wa .vmdk, VirtualBox .vdi, Hyper-V .vhdx, na KVM mara nyingi .qcow2. Wakati mwingine si faili bali ni kipande cha diski halisi kilichotengwa kwa kazi hiyo. Windows iliyomo ndani huona diski C: ya gigabaiti 200 na inaishia hapo. Haijui kama gigabaiti hizo ziko kwenye diski ya kuzunguka, kwenye SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka), au kwenye kabati la diski upande wa pili wa jengo. Kwa sababu haijui zilipo, haitajua zikihama.

Kando ya diski kuna rekodi fupi inayoeleza kompyuta pepe ni ipi: ina ramu kiasi gani, kadi yake ya mtandao ina namba gani, na diski yake iko wapi. Kwenye VMware rekodi hiyo ni faili la .vmx. Kwenye Proxmox, kompyuta pepe namba 101 ina rekodi yake kwenye /etc/pve/qemu-server/101.conf, nayo ni mistari michache ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma.

Kwa ufupi: kuhamisha kompyuta pepe kwenda diski nyingine ndani ya mwenyeji yuleyule ni kazi mbili. Ya kwanza ni kunakili data. Ya pili ni kubadili rekodi ili ielekeze kwenye nakala mpya.

## Diski ya zamani inapozidiwa

Watu huhamisha kwa sababu nafasi imekwisha, kwa sababu diski imeanza kuonyesha dalili za kufa, au kwa sababu kila kitu kimekuwa kizito. Sababu ya tatu ndiyo huwachanganya wengi, kwani diski ya zamani ukiipima kwa kunakili faili moja kubwa inaonekana haina tatizo: megabaiti 150 kwa sekunde si haba.

Shida iko kwingine. Diski ya kuzunguka ya kawaida hufanya mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde. Ukiomba kipande cha data, mkono wa diski husogea kwanza hadi kwenye mstari wake, kazi ya kama milisekunde 8 au 9. Kisha husubiri kipande kizunguke hadi kifike chini yake, wastani wa milisekunde 4. Jumla ni kama milisekunde 13, kwa hiyo kwa sekunde moja diski hiyo huhudumia maombi yapatayo 80 tu yaliyotawanyika. Weka juu yake kompyuta pepe kumi, kila moja ikiomba vipande vyake huku na kule, na kila moja inabaki na maombi manane kwa sekunde. Ndiyo maana Windows huchukua dakika kadhaa kuwaka ingawa prosesa haina kazi. SSD haina mkono wala mzunguko, na hata ya kawaida huhudumia makumi ya maelfu ya maombi hayo kwa sekunde.

Kwa hiyo kabla ya kununua seva mpya, hamisha kwanza diski. Ofisi nyingi zimeandikiwa ankara ya mashine nzima kwa tatizo ambalo SSD moja ingelimaliza.

## Kuhamisha ikiwa imezimwa

Hii ndiyo njia salama zaidi, na kama ofisi yako inafungwa jioni, sioni sababu ya kutafuta nyingine. Unaizima kompyuta pepe kwa utaratibu wa kawaida, kutoka ndani yake. Usiisimamishe tu ikiwa imelala na ramu yake imehifadhiwa kwenye faili. Kisha unaiambia hipavaiza iihamishe.

Nasema uiambie hipavaiza. Wengi hufungua folda, hukata faili la diski na kulibandika kwenye diski mpya, kisha hushangaa kompyuta pepe ikikataa kuwaka. Data zimehama, rekodi haijahama. VirtualBox, kwa mfano, hutunza orodha yake ya diski zote inazozijua, kila moja na namba yake ya utambulisho, na faili likitoweka mahali pake palipoandikwa, diski hiyo huhesabiwa kuwa imepotea. Tangu toleo la 6.0 programu hiyo ina amri ya kuhamisha kwenye menyu yake. Itumie hiyo, na orodha itajirekebisha yenyewe.

Ukihamisha folda nzima ya VMware kwa mkono na kuiwasha upya, utaulizwa swali moja: kompyuta pepe hii umeihamisha au umeinakili? Watu hubofya jibu lolote ili waendelee, na majibu hayo mawili hayafanani. Ukijibu kwamba umeihamisha, utambulisho wake unabaki uleule. Ukijibu kwamba umeinakili, VMware inaipa utambulisho mpya na namba mpya ya kadi ya mtandao, ili isigongane na ndugu yake wa zamani. Namba ya kadi ikibadilika, anwani ya mtandao iliyotengwa kwa ajili ya seva hiyo haitolewi tena, printa hazionekani, na programu yenye leseni iliyofungwa kwenye namba hiyo hudai kusajiliwa upya. Kama umehamisha, sema umehamisha.

## Kuhamisha ikiwa inafanya kazi

Hospitali haifungwi jioni. Kituo cha mabasi kinachouza tiketi usiku kucha hakifungwi. Kwa mahali kama hapo, diski lazima ihame huku kompyuta pepe ikiwa kazini, na ugumu wake ni kwamba unanakili kitu kinachobadilika wakati uleule unapokinakili.

Chukua daftari la madeni la dukani. Kijana ameambiwa alinakili lote kwenye daftari jipya, lakini duka halifungwi na mwenye duka anaendelea kuandika. Kijana anapofika ukurasa wa 80, mwenye duka anarudi ukurasa wa 12 na kufuta deni la mteja aliyelipa. Nakala ya ukurasa wa 12 imekuwa ya uongo, na kijana hana habari.

VMware ilitatua jambo hili mara tatu, na kila mara vizuri zaidi. Storage vMotion, jina wanaloipa huduma ya kuhamisha diski ikiwa kazini, ilipotoka na ESX 3.5, hipavaiza yao ya wakati huo, mwishoni mwa 2007, ilitegemea snapshoti. Snapshoti ni kuigandisha diski ilivyo sasa hivi na kuyaelekeza maandishi yote mapya kwenye faili la pembeni. Diski iliyoganda hunakiliwa kwa utulivu. Kisha faili la pembeni, ambalo limekua wakati huo, nalo hugandishwa na kunakiliwa, na kadhalika, hadi kilichobaki kiwe kidogo cha kumaliziwa kwa kuisimamisha kompyuta kwa muda mfupi. Ilifanya kazi, ila vipande hivyo vyote vilipaswa kuunganishwa tena, na kuunganisha ni mzigo.

Mwaka 2009, na vSphere 4, mfumo uliofuata wa VMware, snapshoti ziliachwa. Hipavaiza ikaanza kutia alama kila sehemu ya diski iliyoandikwa wakati wa kunakili, kisha ikarudia zile zenye alama tu, mzunguko baada ya mzunguko. Udhaifu wake unaonekana kwenye daftari letu: mwenye duka akiandika upesi kuliko kijana anavyonakili, mizunguko haiishi.

Suluhisho la 2011, kwenye vSphere 5, ndilo lililonivutia siku zote kwa wepesi wake. Kijana ananakili mara moja tu, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mwenye duka anafuata kanuni tatu:

- Akitaka kuandika kwenye ukurasa uliokwisha kunakiliwa, anaandika kwenye madaftari yote mawili.
- Akitaka kuandika kwenye ukurasa ambao haujafikiwa, anaandika kwenye la zamani tu, kwa kuwa kijana ataukuta mbele ya safari.
- Akitaka ukurasa ambao kijana anaunakili sasa hivi, anasubiri kidogo.

Kijana akifika mwisho, madaftari yanalingana, wala hakuna cha kurudia.

Hyper-V ilipata uwezo wa kuhamisha hivi kwenye Windows Server 2012. QEMU, programu inayoshirikiana na KVM na ambayo Proxmox huitumia, hutunza ramani ya sehemu zilizobadilika na kuendelea kunakili mpaka pande zote mbili zilingane, kisha hubadili. Kila mmoja ana mbinu yake, ila wote wana wakati mmoja unaofanana: wakati wa kubadili. Hipavaiza huizuia kompyuta pepe isiandike kwa muda mfupi mno, huelekeza maandishi yote kwenye diski mpya, na kuiachia iendelee.

Hatua niliyoitaja mwanzoni ni hii. Kabla ya kubadili, diski ya zamani ina ukweli wote. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, hupotezi chochote kilichokwisha kuandikwa: nakala nusu iliyo kwenye diski mpya haifai, utaifuta na kuanza upya, na kompyuta pepe itawaka kutoka diski ya zamani kama ilivyowaka jana. Baada ya kubadili, mambo yanageuka. Kuanzia risiti ya kwanza itakayoandikwa, ukweli uko kwenye diski mpya, na diski ya zamani imebaki na hali ya ofisi ilivyokuwa kabla ya risiti hiyo. Anayefuta diski ya zamani kabla ya kubadili kukamilika amepoteza kila kitu. Anayerudi kwenye diski ya zamani siku tatu baadaye, kwa sababu kitu fulani kinamsumbua, amepoteza siku tatu za kazi. Jiulize kila mara: ukweli uko upande gani sasa?

## Mfano wa Proxmox

Tuseme kompyuta pepe namba 101 ina diski iitwayo scsi0, na hifadhi mpya umeisajili kwa jina ssd-mpya. Hifadhi ni jina la jumla la mahali popote panapowekwa diski pepe. Unaweza kuchagua diski hiyo kwenye ukurasa wa Proxmox na kubofya amri ya kuihamisha, au kuandika hivi kwenye mwenyeji:

qm move-disk 101 scsi0 ssd-mpya

Kompyuta ikiwa imewaka, itahama ikiwa imewaka. Ikiwa imezimwa, itahama ikiwa imezimwa. Ikimaliza, Proxmox haifuti diski ya zamani usipoiagiza. Huiacha kwenye rekodi kwa jina la unused0, haitumiki lakini ipo. Hii ni tabia nzuri ya mfumo huu, na ningeomba usiizime. Kuna kisanduku cha kuiamuru ifute mara moja. Kiache bila alama.

Angalia na diski ndogo ndogo. Kompyuta pepe yenye Windows 11 huwa na diski mbili za ziada: moja ya kuanzishia mfumo, na nyingine ya TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 huidai. Hizo nazo huhamishwa, moja baada ya nyingine, na ile ya TPM haikubali kuhama kompyuta ikiwa imewaka. Nimeona watu wakihamisha diski kubwa, wakaridhika, wakang'oa diski ya zamani, na asubuhi kompyuta pepe ikakataa kuwaka kwa sababu ya kidiski cha megabaiti nne.

## Itachukua muda gani?

Gawa ukubwa kwa kasi ya upande ulio polepole zaidi. Gigabaiti 500 kutoka diski ya kuzunguka inayosoma megabaiti 150 kwa sekunde ni sekunde 3,333, karibu dakika 56. Hifadhi mpya ikiwa iko kwenye mtandao wa gigabiti moja, ambao kwa kazi halisi hupitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde, ni saa moja na robo. Hesabu hiyo ni ya diski isiyo na kazi nyingine. Ile iliyokwisha kulemewa na kompyuta pepe kumi itachukua muda mrefu zaidi, na wakati huo wote kila mtu ofisini atahisi uzito, kwa sababu kunakili kunashindania mkono uleule wa diski.

Dawa ni kupunguza kasi kwa makusudi. Kwenye amri ya Proxmox unaweza kuongeza --bwlimit 51200, na kunakili hakutazidi kama megabaiti 50 kwa sekunde. Itachukua karibu saa tatu badala ya moja, lakini wahudumu hawatalalamika. Usihamishe kompyuta pepe mbili kwa wakati mmoja kutoka diski moja ya kuzunguka. Mkono utarukaruka kati yake na zote mbili zitachelewa.

## Mambo mawili yanayoharibu hesabu

La kwanza ni snapshoti za zamani. Mtu alichukua snapshoti kabla ya kusasisha programu, akasahau, na sasa, kwenye mifumo kama VMware, diski pepe si faili moja tena bali mnyororo wa mafaili yanayotegemeana. Ukihamisha kwenye Proxmox, kinachohama ni hali ya sasa. Snapshoti hazifuati, na mfumo utakataa kufuta diski ya zamani ikiwa bado inazo. Zifute kwanza usizozihitaji, na uipe hipavaiza muda wa kuunganisha vipande kabla hujaanza.

La pili ni diski nyembamba. Hiyo ni diski pepe iliyoahidiwa, tuseme, gigabaiti 200, lakini kwenye mwenyeji inachukua nafasi ya data zilizomo tu, labda 60. Ikihamishwa huku inafanya kazi, mara nyingi hufika imevimba, hata sehemu tupu zimehesabiwa. Unapanga nafasi kwa 60, zinajaa 200. Na hifadhi ikijaa kabisa, si kompyuta pepe moja inayosimama, ni zote zilizo juu yake. Panga kwa ukubwa ulioahidiwa. Baada ya kuhama, kompyuta pepe ya Linux iamuru kwa fstrim -av irudishe nafasi isiyotumika. Amri hiyo hufanikiwa tu ikiwa diski pepe imewekewa ruhusa ya kurudisha nafasi, iitwayo discard.

## Kabla ya kugusa chochote

- Chukua bakapu mpya, iweke nje ya diski zote mbili, na ujaribu kufungua hata faili moja kutoka humo.
- Soma afya ya diski ya zamani. Kama imeanza kutoa makosa ya kusoma, izime kompyuta pepe kwanza na uhamishe ikiwa imezimwa, kwa sababu diski inayokufa haipaswi kubeba kazi mbili.
- Hakikisha nafasi ya upande mpya inatosha diski nzima.
- Angalia kama betri ya UPS inaweza kubeba seva. Mwenyeji anayezimika ghafla huweza kuharibu zaidi ya uhamisho wenyewe.

## Baada ya kuhama

Zima kompyuta pepe na uiwashe tena kwa makusudi, wakati unaouchagua wewe. Kompyuta iliyohama ikiwa imewaka bado haijathibitisha kwamba inaweza kuwaka kutoka mahali papya. Fungua programu ya uhasibu, tafuta muamala wa leo, chapisha kitu. Kisha acha bakapu ya usiku ipite, na asubuhi uikague: ratiba nyingi za bakapu zilizoandikwa kwa mkono huelekeza kwenye njia ya zamani, na zitaendelea kunakili diski isiyobadilika tena bila kutoa kosa lolote.

Kagua pia CD pepe. Kama wakati wa kuweka Windows uliiwekea kompyuta pepe faili la usakinishaji, na faili hilo bado liko kwenye hifadhi ya zamani, siku utakapoing'oa diski hiyo kompyuta pepe haitawaka. Toa CD hiyo sasa.

Mimi huacha diski ya zamani angalau mpaka bakapu kamili ya mahali papya ichukuliwe na kujaribiwa. Baada ya hapo, ondoa diski za unused, kisha iondoe hifadhi yenyewe kwenye orodha ya mwenyeji, kisha ndipo uchomoe waya.

Diski uliyoichomoa bado ina majina ya wateja, mishahara na namba za simu, hata kama umefuta kila faili. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinamwajibisha anayetunza taarifa za watu. Kama diski inaenda kuuzwa kwenye maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue, diski ya kuzunguka iandikwe upya yote kutoka mwanzo hadi mwisho, na SSD ifutwe kwa amri ya kufuta ya kiwanda chake, kwa kuwa SSD huweka akiba sehemu ambazo kuandika juu yake hakuzifikii. Kama imeharibika kiasi cha kutokubali amri, itobolewe.